Ukanda wa Mzee Orval

Kihisi hakikudanganya. Twyla Kliewer alilijua hilo, na ndilo lililomuuma siku ile ya Aprili. Afadhali kingedanganya.

Kazi yenyewe haina uchawi. Mwezi wa kumi, ngano ikishapandwa, mnachagua ukanda mmoja katikati ya shamba na kuushibisha mbolea. Februari mnapita na kihisi, kifaa cha mpini mrefu kinachomulika majani na kupima ukijani wake. Ukanda ukiwa kijani kuliko shamba, basi shamba lina njaa, na kihisi kinasema lipewe mbolea kiasi gani. Vikilingana, udongo umeshiba, nenda zako ukanywe kahawa.

Februari vililingana. Twyla alipima, akarudia kupima, kisha akaenda kunywa kahawa.

Kupiga ukanda, yaani kuumwagia mbolea kwa trekta, ilikuwa kazi ya baba yake, Mzee Orval. Kumbukumbu zilikuwa zikimtoka. Alishanyang'anywa funguo za gari, kisha bunduki, kisha hata jiko. Ukanda wakamwachia. Mtu atakosea nini, kwenda na kurudi? Siku hiyo ya mwezi wa kumi Twyla alimwona kupitia dirishani, mzee amekaa wima kwenye trekta kama bwana harusi, naye Twyla akampungia mkono.

Shamba si lao. Ni la Bi Reimer wa mjini, ambaye Krismasi alisema bila kuzunguka: ngano ikiharibika tena mwaka huu, shamba anampa jirani yao, Dwight. Orval amelilima shamba hilo tangu hajaoa.

Mvua za Machi zikanyesha vizuri, kama kwa kejeli. Ngano ya Dwight ikawa kijani cha kutia wivu. Ya kina Kliewer ikaanza kugeuka njano kutoka majani ya chini. Twyla akakimbilia bandani kutafuta mbolea ya kuiokoa. Akafunua tela la kumwagia mbolea, lile mzee alilolivuta kwa trekta, ambalo hakuna aliyeligusa tangu mwezi wa kumi, maana kihisi kilisema hakuna haja.

Lilikuwa limejaa mpaka juu. Mbolea imeganda kama jiwe, na kilango cha chini kimefungwa. Mzee alikwenda na kurudi siku ile bila kumwaga hata punje. Kihisi kililinganisha njaa na njaa, kikaona hakuna tofauti.

Twyla akakaa kwenye sakafu akalia kwa hasira, hasira zaidi kwa ule mkono aliompungia mzee. Ngano ilishaanza kurefuka mabua. Kuilisha sasa ni kumlisha maiti. Akafunika tela.

Dwight akasimamisha pikapu yake nje ya banda.

"Twyla, shamba lako limeshikwa na homa ya manjano?"

"Kihisi kimeharibika."

"Si nilikwambia! Unaiuliza tochi habari za ngano!" Akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Bi Reimer kanipigia asubuhi. Sikumwomba shamba, ujue."

"Najua."

"Mzee umemwambia?"

"Bado."

Mzee mwenyewe akatokea na kofia yake kichwani.

"Dwight! Bado unalima magugu?"

"Nalima tu, mzee wangu. Nakungoja wewe unifundishe."

Orval akaegemea uzio, akalitazama lile shamba la njano kwa muda mrefu. Twyla akaogopa kwamba ameelewa. Akaogopa pia kwamba hajaelewa.

"Ule pale ukanda wangu," mzee akasema, akinyoosha kidole mahali pasipo na kitu. "Umenyooka, sivyo?"

Dwight akainamia viatu vyake.

"Umenyooka, Baba," Twyla akasema.

"Mwezi wa kumi nitakupigia mwingine. Kazi yangu hiyo usimpe mtu." Akamgeukia Dwight, akamtikisia kidole kwa utani. "Na wewe, trekta lako kaa nalo huko huko. Nisikuone kwenye shamba langu."

Akacheka mpaka akakohoa. Dwight alijaribu kucheka naye, akashindwa.