Alama ya Themanini na Tano

Kasongo nzima hakuna mutu anayesoma alama za Wamaza kunishinda mimi. Ni kweli kabisa: wengine wote walishakufa.

Alama hizo alizitunga mama yangu, Faida. Walimunyima shule, akachukua makaa, akajitungia mwandiko wake ukutani, alama moja kwa kila silabi. Ka ina alama yake, so ina yake, ngo ina yake. Ukichora tatu tu, umeshaandika Kasongo. Wanawake wa huku kwetu Wamaza waliandikiana hivyo mambo ambayo waume zao hawakutakiwa kuyasoma. Mengi yalikuwa juu ya waume hao hao.

Sasa Mwalimu Nathanaël alitaka alama ziingie kwenye kompyuta. Alinieleza kwamba mashini haijui herufi, inajua namba. Ukibonyeza a, inashika namba ya a, kisha inatafuta umbo la kuchora. Alama za mama hazina namba. Ndiyo maana Mwalimu alipozitengeneza kwenye mashini yake, akamutumia mujukuu wangu Carine kule Nyangwe, zilifika viboksi vitupu, mistari mitatu. Carine akajibu: "Koko, bibi yangu, munanitumia madirisha ya nini?"

Siku ya kisa hiki, orodha ya alama zote ilikuwa inakwenda kwa wale wanaogawa namba za dunia nzima. Wakikubali, namba haifutwi tena, hata kama kuna kosa ndani. Na juu ya orodha Mwalimu alikuwa ameandika jina la aliyezitunga. Niliona Faida pale, nikakaa vizuri kwenye kiti.

Ndipo akaingia Zakaria, muuza vitenge aliyeishi Kigoma miaka ishirini, na kaye, daftari kuukuu, kwapani.

"Futa jina hilo, Mwalimu. Aliyetunga ni babu yangu. Mama wa huyu alikuwa mwanafunzi wake tu. Tazama, mkono wake mwenyewe."

Kaye ilikuwa ya manjano, inanuka moshi. Mwalimu akaifungua kwa adabu, kama mutu anayeshika mutoto muchanga. Ndani ilijaa alama. Nje dereva wa pikipiki alipiga honi. Alikuwa amupeleke Mwalimu kwenye rezo, kule mutandao unakoshika. Batri ya mashini ilibaki asilimia tisa.

"Koko, wewe iko na karatasi gani?"

"Niko na kichwa."

"Kichwa hakitumwi, Koko."

Ukuta wa mama ulishaanguka na mvua zamani. Mwalimu akaanza kufuta. Ikaondoka a ya mwisho. Ikaondoka d. Honi ikalia tena.

"Ngoja kwanza!" nikasema. "Zaka wangu, tusomee kidogo basi. Macho yangu ni ya kizee."

Macho yangu yanaona kiroboto kwenye mbwa wa jirani.

Zakaria akakohoa, akaweka kidole kwenye kaye. "Mimi ni mtu wa Wamaza. Sijatoka hapa hata siku moja."

"Sauti tamu! Tena, pole pole, alama kwa alama."

"Mi. Mi. Ni. M. Tu..."

"Simama hapo. Hiyo ya nne ni nini?"

"M."

Mwalimu akashuka na orodha yetu kwa kidole: ma, me, mi, mo, mu. Akapanda tena. "M peke yake haiko," akasema. "Zetu ni themanini na nne. Hii ni ya themanini na tano."

"Haiko kwa sababu sisi huku tunasema mutu," nikasema. "Mama angetunga alama ya kufunga mudomo ya nini? Zaka, babu yako hiyo mtu aliisikia wapi?"

Jasho likamutoka puani.

"Kigoma," akasema mbio mbio. "Babu alikaa Kigoma. Miaka mingi sana."

Mwalimu hakubisha. Aligeuza kaye, akamusogezea, akaweka kidole chini ya mustari wa pili, ule wa "sijatoka hapa".

"Papa Zakaria, tusomee na huu tena."

Zakaria akautazama. Akafungua mudomo, akaufunga.

"Mmm," akasema.