Viwavi kwenye Mikorosho ya Emilia

Jumatatu asubuhi Emilia alikuta mikorosho yake mitatu imebaki vijiti vitupu. Majani machanga yalikuwa yametafunwa yote, na chini kinyesi cha viwavi kilitapakaa kama ufuta mweusi uliomwagika.

Ilikuwa Julai, mwaka wa hamsini na tano, na pale kijijini Mnyambe upepo wa kusi ulikuwa umekausha kila unyasi. Emilia alikuwa mjane wa mwalimu wa kanisa. Marehemu alimwachia binti mmoja, Paulina, na mikorosho thelathini na minane.

Jirani yake Lukmani alifika mapema, panga mkononi.

"Shikamoo, Baba Esha."

"Marahaba. Mama Paulina, sina maneno mengi. Miti yako ya mpakani ikatwe, ichomwe. Viwavi wakivuka, mimi nimekwisha."

"Lakini hiyo ni miti kumi na minane!"

"Nakupa hadi Alhamisi. Baada ya hapo nitatia moto mwenyewe."

Emilia alimjua. Lukmani hakuwa mtu wa kutisha watu bure.

Akatuma mtu Newala kwa bwana shamba. Jibu likarudi kwamba dawa ya unga imekwisha, asubiri mwezi ujao. Basi yeye na Paulina wakaanza kuwaokota viwavi kwa mikono. Vinyoya vyao viliwawasha hadi vidole vikavimba, na maji ya kunawa yalikuwa yale yale machache waliyopandisha kichwani kutoka bondeni. Jumanne jioni walijaza chungu kizima. Kulipokucha, miti mingine miwili ilikuwa mitupu. Paulina akalia.

Jumatano hiyo hiyo, jua likianza kuchomoza, aliona kitu kikitambaa kwenye gome. Viwavi walikuwa wanashuka, mmoja nyuma ya mwingine, wakijificha chini ya majani makavu shinani.

"Paulina, njoo! Wanakula usiku, mchana wengi wanalala chini!"

Wakafagia mashina yote. Wakachana magunia, wakayafunga kuzunguka kila shina ili viwavi wajifiche humo. Alhamisi asubuhi walifungua gunia la kwanza: viwavi walikuwa wamejazana ndani kama mchele. Wakawakung'utia kwenye majivu ya moto. Walikuwa wamefikia shina la kumi na moja waliposikia harufu ya moshi.

Lukmani alikuwa amewasha nyasi za mpakani.

Moto ulikimbilia kwa Emilia, ukaunguza miti miwili. Kisha upepo ukageuka ghafla, ukaurudisha kwa mwenyewe. Lukmani akawa anapiga kelele, akipiga ndimi za moto kwa shati lake. Emilia alisimama kitambo. Moyo ulimwambia, acha aone. Halafu akavunja tawi bichi, akamwita Paulina, wakavuka mpaka.

Moto ulipozimika, mikorosho minne ya Lukmani ilikuwa makaa. Akaketi chini, uso umejaa masizi, akikohoa. Emilia akaenda kufungua gunia la shina la kumi na mbili, akamletea. Mzee akatazama viwavi wakijinyonganyonga.

"Ulifunga lini?" akauliza hatimaye.

"Jana."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikiliza, Baba Esha?"

Lukmani hakuomba radhi, si siku ile wala baadaye. Lakini kesho yake yeye na mkewe walikuwa wakichana magunia, na kwa majuma matatu nyumba zote mbili zilifungua magunia pamoja kila asubuhi. Mwaka ule korosho zilikuwa chache, ila hakuna mti hata mmoja uliokatwa.