Mguu wa Kushoto wa Dubu

…na mguu wa kushoto, jamani, mguu wa kushoto niliuingiza vipi, kisigino mbele au kisigino nyuma, nakumbuka ulisema tak, sawa, lakini mguu wowote ukiusukuma kwa dole gumba utasema tak, hata ukiwa umekaa upande, kwa sababu ndani ni mchemraba wa kawaida tu, ule wa rangi sita wa kuzungusha unaouzwa kila duka la watoto, dubu ni huko nje nilikomjengea mimi, majuma ya gundi ya udongo na tupa na msasa, na sasa binti yangu Kaisa anamzungusha, amekaa kwenye kiti chake cha dirishani, koti amevaa, buti amevaa, buti ndani ya nyumba, siku nyingine mama yake angemtoa kwa ufagio, leo mama yake hazioni hata hizo buti, anafunga mikate ya soseji kwenye karatasi na kusema, “Na msile vya vituo vya mafuta, Kaisa, unanisikia, mtaharisha njiani, na ukishapita mji wa Wawa choo chenyewe kiko wapi,” “Nakusikia, mama,” hamsikii, macho yote yako kwa dubu, na macho yangu yote yako kwake, nimeshika kikombe cha kahawa kama mtu mwenye amani yake… alikuwa anapanda mgongo sasa hivi, vizuri, mgongo umeshakaa, sikio moja liko kwapani na pua imetokea makalioni, lakini ndivyo alivyo dubu aliyevurugwa, ukimwona hivyo unamwonea huruma, kama kagongwa na treni, atarudi tu, sikio litarudi, pua itarudi, mimi wasiwasi wangu ni mguu.

Na kosa ni la ndara, si langu, ndara hii ya kulia imelegea tangu mwaka juzi na mke wangu Marlene kila siku ananiambia tupa, Eino, tupa hizo ndara, mimi nasema bado zina maisha, haya, leo asubuhi napanda ngazi kutoka karakana yangu ya chini, dubu mkononi, nimeshamvuruga usiku vizuri kabisa, yuko tayari, ndara ikanasa, dubu akaruka, akatua kwenye saruji akatapika vipande vitatu, sikio na miguu miwili, na sheria inajulikana, hata mwenzangu Gilles anaijua, na Gilles hajui mengi, kidude cha namna hii kikitapika vipande kikiwa kimevurugwa usirudishe kimoja kimoja, kivunje chote, kijenge upya kikiwa kizima, ndipo ukivuruge kwa kuzungusha, maana ukichomeka kwa kubahatisha na mguu ukakaa upande, basi, la kuvunda halina ubani, azungushe mwenye akili za dunia nzima mpaka kiyama ule mguu haunyooki, hii najua, hii nimewafundisha wenzangu pale maktaba, kila Jumamosi ya kwanza tunapokutana sisi wazee wa vidude na mabegi yetu, nilisimama mbele nikaeleza kama padri, halafu mimi huyo huyo, Marlene aliponiita, “Eino, chapati za maji zinapoa,” nikachomeka pale pale kwenye ngazi, tak, tak, tak, nikapanda, nikala chapati na jamu ya matunda ya porini, tatu, nikasahau kabisa, mpaka Kaisa alipomshika dubu.

“Eino, umesikia alichosema Duncan?” Sijasikia, “Ndiyo,” nikasema, “alisema nini?” “Kwamba lazima wapite Wawa kabla ya giza, wale wanyama wenye mapembe wanasimama katikati ya barabara jioni,” ndiyo, wanasimama, wamelipia barabara wao, na Duncan, mpenzi wake Kaisa, yuko nje anakwangua barafu kwenye kioo cha mbele, kru, kru, kru, kioo kilishaisha barafu zamani, anakwangua ili tumsikie, injini inanguruma, mizigo imefungwa mpaka juu ya paa, na baiskeli yake Kaisa imening’inia nyuma, ile baiskeli ilikuwa kwenye gereji yangu tangu yuko sekondari, kila mwaka nikiigonga kwa goti nikaitukana, leo gereji ina nafasi, nani ameomba nafasi… Duncan ni kijana mzuri, hilo ndilo linaloniudhi, ningemtafutia kasoro nikapata angalau moja ya kunisaidia, lakini anaosha vyombo, anamwita Marlene mama, alikaa nami kwenye sauna, chumba chetu cha mvuke wa moto, mpaka nikatoka mimi kwanza, na siyo yeye anayemchukua, kazi ndiyo inayomchukua, wamempa Kaisa kazi ya kuchora ramani za chini ya bahari huko Halifax, chini ya bahari, kana kwamba ziwa letu hili halina chini.

Na desturi hii niliianzisha mwenyewe, wa kulaumiwa sina, Kaisa akisafiri namtengenezea kidude, namvurugia, anakipanga hapa hapa mezani, na hatoki mlangoni kabla hajakipanga, siku ya kwanza ilikuwa kambi ya kuogelea, ana miaka saba, basi la kambi linapiga honi na watoto wote wamechungulia madirishani na yeye anapanga pweza, mkono mmoja wa pweza umebaki kichwani, dereva akaja mlangoni, mama yake akawa mwekundu, Kaisa akasema, “Mwambie asubiri, pweza hajakamilika,” na dereva akasubiri, akaingia ndani akanywa kahawa, na alipokwenda chuo nikampa kibanda cha sauna chenye bomba la moshi, nilikijenga mwezi mzima, akakimaliza kabla kahawa yangu haijafika nusu, akakitia mfukoni, “Haya baba, nimekwenda,” na mlango pap, nikabaki na nusu ya kikombe… ndiyo maana safari hii nikasema hapana, safari hii atakaa, atatoka jasho, nikamfanya dubu rangi moja, kahawia kila mahali, hakuna rangi ya kumwonyesha njia, ni maumbo tu, kila upande nimeukata unene tofauti, nikatumia hadi tupa ya kucha ya Marlene kwenye masikio, nikakausha gundi kwenye oveni yake, mkate wa siku ile ulinukia rangi ya gari, tukaula hivyo hivyo, Marlene aliniangalia tu, alijua.

Gilles alipomwona alisema, “Eino, dubu wako ana mimba,” mwache aseme, yeye amezoea kutengeneza maboga.

Mlango umefunguka, baridi imeingia, Duncan kasimama kwenye zulia la mlangoni, yeye hathubutu kukanyaga ndani na buti, unaona, kijana mzuri, pua nyekundu, anasugua mikono, “Mzee, gari imeshapata moto vizuri,” “Hongera,” nikasema, naye, “Kiazi kinaendeleaje?” “Ni dubu,” “Aa, dubu. Samahani, mzee. Ni dubu mwenye afya,” “Duncan, funga mlango, tunapasha moto mji mzima,” huyo Marlene, na Kaisa bila kuinua kichwa, “Bado kidogo, mpenzi,” “Kidogo cha kwenu au kidogo cha watu wengine?” akauliza, Marlene akacheka, Duncan akatoka tena, kru, kru… bado kidogo, amesema bado kidogo, na ni kweli, sikio limeshuka kutoka kwapani, pua imekwenda mbele, anajua kazi mtoto huyu, vidole vya mama yake na kichwa changu, asante Mungu siyo kinyume, tumbo, mkono, mkono wa pili, mguu wa kulia umekaa sawasawa, na mguu wa kushoto… haya. Haya basi. Wayo juu. Dubu mzima kamili amekaa kama bwana mkubwa, na mguu mmoja wa kushoto umetazama dari, peke yake, hakuna kingine kilichokosea, na mguu mmoja peke yake haiwezekani, huko ndiko kwenye msiba, hakuna mzunguko chini ya jua unaogeuza mguu mmoja bila kugeuza wa pili.

Sema, Eino. Fungua kinywa useme, mwanangu, ndara iliniponza, nipe, niuchomoe kwa bisibisi niugeuze, kazi ya kufumba na kufumbua. Na nikiugeuza amemaliza. Na akimaliza, haya baba nimekwenda, mlango pap. Na nisiposema? Nisiposema hatatoka, desturi ni desturi, pweza alisubiriwa na basi zima la watoto, dubu naye atasubiriwa, itafika mchana, Duncan atakwangua mpaka kioo kitoboke, watasema Wawa leo hatuipiti, tulale, twende kesho, na kesho ni Jumapili, Jumapili ni siku ya sauna, na Jumatatu theluji, ee Mungu lete theluji… unajisikia wewe mzee, unaomba theluji iwafungie watoto, aibu, baba wa mtu kujificha nyuma ya mguu wa dubu, mtu mzima mwenye pensheni. Sitasema. Nitasema. Nitasema nikimaliza kahawa hii. Kahawa yenyewe imekwisha tangu mwanzo, ninakunywa kikombe.

Lakini hebu subiri, mbona hasemi yeye? Ameuona mguu, ameusimamisha mbele ya macho yake, kauona vizuri, mtoto huyu alikuwa na miaka tisa alipokaa kwenye kiti hicho hicho, nimempa samaki niliyemchomeka vibaya, akamzungusha kidogo, akamweka juu ya siagi, akasema, “Baba, huyu hapangiki, umegeuza pezi, rudi chini,” mbele ya wageni, kaka yangu Toivo alicheka mpaka meno yakamtoka, nilirudi chini kama mbwa aliyefukuzwa na nilikuwa na furaha siku ile, sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile, mtoto wa miaka tisa ananiambia rudi chini… na leo anautazama mguu, anakunja uso, anaendelea kuzungusha. Hajui. Amesahau. Ndivyo inavyokuwa, anachora chini ya bahari, kichwa kimejaa mawimbi, vidude vya baba vimetoka, na ninaumia hapa, hapa chini ya ubavu, nilidhani kuondoka kwake ndiko kutakakoniuma, kumbe hili, kwamba keshaondoka zamani na mimi ninapiga msasa masikio kwenye karakana kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo, “Eino, mbona umekunja uso hivyo, ni chapati?” “Ni chapati,” nikasema, “Nilikwambia tatu nyingi.”

Anazungusha. Sikio limekwenda kwapani tena, limerudi. Linakwenda, linarudi. Upande juu, kofia, ile safu ya juu, kulia, upande chini, kofia kushoto, upande juu, kofia kulia… ngoja. Ngoja kwanza. Hiyo ni mizunguko minne tu, ile ile, anairudia, hapangi kitu huyu, mtu anayepanga husimama akafikiri, hugeuza dubu akatazama nyuma, yeye vidole vinakwenda vyenyewe na macho yako dirishani, kwa nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha sauna na kuni zilizofunikwa theluji, na mizunguko hiyo minne kila mwenye kidude anaijua, ukiirudia vya kutosha dubu anavurugika halafu anarudi mwenyewe pale pale alipokuwa, hujaharibu, hujatengeneza, ni ya mtu aliye kwenye foleni ya daktari wa meno, ni ya kupitisha muda… anapitisha muda. Anajua. Alijua tangu alipouona mguu, pengine kabla, pengine alisikia tak tatu kwenye ngazi, na angeniambia rudi chini, na ningerudi chini, na angemaliza, na angesimama, na hataki kusimama. Mwanangu hataki kusimama. Amevaa koti na buti ili Duncan aone anakuja, na amekaa.

Loo, na mimi niliyekuwa naomba theluji.

Maana nikitaka sasa hivi anabaki. Naliona hilo wazi, nikinyamaza tu, nikimimina kahawa nyingine, atalala leo, na kesho sauna, na Jumatatu atapiga simu Halifax aseme nipeni wiki, na wiki moja ndiyo mwanzo wa ugonjwa wenyewe, namjua, ni damu yangu, mimi nilipata kazi ya meli nikiwa na umri wake na baba akaniuliza nani atapasua kuni, nikakaa, nikazipasua, nikaingia kiwanda cha karatasi nikatokea upande wa pili na pensheni, sijuti, wala sisemi najuta, lakini baba hakusema nenda, angesema neno lile moja tu. “…na soksi za sufu ziko kwenye mfuko wa kijani, Kaisa, wa kijani, siyo wa bluu, wa bluu ni wa mikate, usije ukala soksi,” sauti ya Marlene imekwaruza hapo kwenye soksi, anahangaika na karatasi ile ya mikate, mkate mmoja ameshaufunga mara mbili, kumbe hata yeye, kumbe jiko zima, watu watatu wazima tumejificha ndani ya dubu mmoja mwenye mimba na nje kijana mzuri anakwangua kioo kisicho na barafu.

Bisibisi iko mfukoni, naigusa.

“Kigumu, baba,” akasema Kaisa, haniangalii, vidole vinakwenda, sikio kwapani, sikio mahali pake.

“Kigumu sana, mwanangu,” nikasema, na nitasema, sasa hivi nitasema, nipe huo mguu, nenda, ngoja tu amalize raundi hii moja.