Njia ya Dakika Tatu

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, fundi wa mtandao alikuwa juu ya paa la ofisi, amekalia ndoo iliyopinduliwa, akimnyonyesha bintiye wa wiki sita. Nyuma yake zilisimama antena mbili. Moja ilitazama mtaa wa majumba makubwa, nyingine ilitazama ng'ambo ya bonde, mlimani kwa mama yake. Mafuriko yalilibeba daraja kabla mtoto hajazaliwa, na bibi alikuwa hajamwona mjukuu hata kwa simu. Picha za mlimani ziliganda kabla salamu hazijaisha.

Zamani fundi alizipima kasi njia za mtandao za antena hizo kwa mkono, siku akikumbuka. Kila alipopima, njia ilijitandaza hewani, nyeupe kama shuka lililoanikwa, hadi kipimo kiishe. Ya majumba makubwa ilikuwa pana kama barabara. Ya mlimani, upana wa kiganja. Watu walikwisha kuzizoea.

Jana yake aliiachia kompyuta kazi hiyo. Ipime yenyewe kila saa: majumba kwanza, mlima dakika tano baadaye, zisiingiliane. Kisha akampigia mama yake.

"Kila saa, ikipita dakika tano, Mama. Haikosi."

"Inakaa muda gani?"

"Sekunde kumi."

"Sekunde kumi! Unanidhania swala? Na magoti haya?"

Fundi akafuta kumi, akaandika dakika tatu.

Sasa saa nne na dakika tano ikafika. Njia ikajitandaza. Kule ng'ambo mama yake akavua viatu, akavishika mkononi, akaja unyayo mbele ya unyayo, kifurushi kichwani. Majirani wa mlimani walimpigia makofi.

"Kaza mwendo, bibi harusi!"

"Mna wivu nyie!" akajibu bila kugeuka.

Meneja akapanda paani na daftari la ripoti.

"Nani kaongeza dakika?"

"Mimi, bosi."

Meneja akaitazama njia. "Mbona nyembamba hivyo?"

"Ndivyo ilivyo siku zote. Mkataba wao na wa majumba ni mmoja, ila mitambo mipya ilifungwa kule tu."

Meneja akatikisa kichwa, akaandika: njia zote ziko sawa. Kisha akaliweka daftari chini, akampa mama mkono ashuke vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nipisheni." Alikwisha kumnyakua mtoto. "Haa! Pua ya babu yake hii! Mwizi mkubwa wewe!" Mtoto akapiga chafya, na wote watatu wakacheka mpaka antena zikatikisika.

"Utarudi na ya saa tano, Mama?"

"Kwani kompyuta inachoka? Nitarudi na ya jioni."

Kesho yake mlima mzima ulikuwa kwenye foleni, mmoja nyuma ya mwenzake, viatu mkononi, wakitaniana. Dakika tano kabla yao ile barabara pana ilitandazwa, ikakunjwa, bila unyayo hata mmoja juu yake.