Titi la Kulia

Wifi yangu Bizhu alikuwa na titi moja la mwanawe na moja la mtu mwingine. Alisema hivyo mwenyewe, bila kutania, amekaa kitandani na kofia ya sufu kichwani ilhali bomba la joto lilikuwa likitukausha koo sote. La kushoto mtoto alinyonya mpaka akasinzia. Ukimgeuzia la kulia alifumba mdomo, akalitazama kwa pembe ya jicho, kama mgeni aliyekuta kiti kina mtu. Na hilo la kulia, ambalo hakuna aliyeligusa, halikujaa wala halikuvimba. Lilijimaliza lenyewe.

Mimi ni Saijin, dada mkubwa wa mumewe. Nafunga maandazi ya nyama katika duka lililo chini ya nyumba yetu hapa Brooklyn, na mtu anayeshinda na unga mikononi hana nafasi ya mizimu. Nilimwambia hivyo. Akacheka kidogo, akabadilisha blauzi, maana upande wa kulia ulikuwa umeloa tena.

Mama yetu alikuja kutoka kijijini kwetu Changle, ng'ambo ya bahari, kumkalisha mwezi. Kwetu mzazi hatoki nje mwezi mzima, haoshi kichwa, hagusi maji baridi, na upepo ukimpata lawama ni ya mama mkwe. Mama alimpikia kuku kwa mvinyo mwekundu wa mchele. Alimpikia miguu ya nguruwe kwa karanga ili maziwa yashuke, na yakashuka. Ajabu ni kwamba sote tulijua yanaitwa yashuke ili baadaye yakaushwe. Mwezi ukiisha, mtoto angeondoka na bibi yake kwenda kulelewa Changle, kama watoto wengi wa mtaa wetu. Mdogo wangu Guoqin, baba mtoto, ni mpishi wa mgahawa jimbo jingine. Analala hukohuko na kurudi kwa basi siku ya mapumziko. Bizhu alikuwa na kiti kinamngoja kwenye saluni ya kucha. Nani angemshika mtoto? Mimi na unga wangu?

Kando ya mlango tulipanga makopo ya maziwa ya unga atakayosafiri nayo. Kijijini kwetu kopo la Marekani ni heshima. Maziwa yakiisha watu huweka chumvi ndani yake, na jina la nje hulielekeza mlangoni ili mgeni alione.

Mtoto wao wa kwanza naye aliondoka na makopo yake. Aliitwa Anqi. Alibebwa na mwanamke anayelipwa kupeleka watoto, akiwa bado hajaota jino, na hakuona mwaka. Tuliambiwa homa. Kwetu mtoto mchanga akifa hawekewi kibao cha jina mezani pa wazee waliotangulia, hafukiziwi ubani, na hatajwi. Anaachwa aende zake. Aende wapi, hilo hakuna anayelisema.

Kilio kilianza baada ya mwezi kutimia, tulipokwisha kugawa mayai mekundu ya sherehe kwa majirani. Ilikuwa alasiri na jua limejaa chumbani. Mtoto alikuwa amelala fofofo mapajani mwa Bizhu, mdomo wazi. Kikasikika jikoni: kilio chembamba, cha mtoto aliyelia sana mpaka sauti imemwishia.

"Umesikia, wifi?" Bizhu aliniuliza.

"Nimesikia bomba la joto."

"Bomba halina njaa."

Nilitazama kifua chake. Maziwa yalikuwa yakishuka upande mmoja tu, yakilowesha blauzi mpaka kiunoni. Nikaenda jikoni kwa hasira, kama mtu anayekwenda kufukuza paka. Hakukuwa na kitu. Mama alikuwa amesimama mbele ya jiko na kijiko mkononi, amekauka.

"Mama, umesikia?"

"Mimi mzee," alisema. "Masikio yangu yameshakufa." Lakini hakuniuliza kusikia nini.

Sasa likaja suala la kimea. Mwanamke yeyote wa kwetu analijua hili hata kabla ya kujua kufunga viatu: shayiri iliyooteshwa ni moja, kazi zake mbili. Kimea kikikaangwa mpaka kiwe kahawia, maji yake hukausha maziwa. Kikichemshwa kibichi, huyaongeza. Mama alisema wenye duka la dawa huwa wanakiunguza, basi nimnunulie kibichi, atakikaanga mwenyewe. Nikanunua. Bizhu akawa anapewa bakuli asubuhi na jioni, naye alikunywa kama mtu anayemeza hukumu yake.

Maziwa hayakukauka. Yalizidi. Mtoto akawa na mashavu ya bwanyenye.

Guoqin alipiga simu. "Bado tu? Wenye ndege hawamngojei mtu, Mama."

"Mwanamke hatenganishwi na mtoto maziwa yakiwa yanatiririka," Mama alimjibu. "Yatampanda kichwani. Unataka mke kichaa?"

"Basi mpe kikali zaidi."

"Kwani unanifundisha mimi? Amekunyonyesha nani, jirani?"

Bizhu alisikia yote. Simu ilipokatwa aliniambia polepole, huku akimkunja mtoto vidole vya mguu kimoja kimoja, "Wifi, nataka yakauke upesi. Nikiendelea hivi nitashindwa kumtoa. Na nisipomtoa, Guoqin atasema nini?"

Iliniuma. Alikuwa hajathubutu hata kutumaini kubaki naye. Alikuwa anaomba tu maumivu yake yaje mapema.

Kilichonizindua ni pua. Shayiri ikikaangwa hunukia kama bisi, nyumba nzima itajua, na mimi sikuwa nimenusa kitu. Siku moja nikapanda juu wakati wa chakula cha mchana na aproni yangu imejaa unga. Kikaango kilikuwa kimening'inia ukutani, kikavu. Sufuria ilikuwa inachemka. Nikachota, nikaonja. Kilikuwa kitamu, chenye ladha ya majani mabichi.

"Mama, hiki hakijaona kikaango."

Hakugeuka. "Umeshatoka kazini?"

"Unamwongezea maziwa. Guoqin keshanunua tiketi, wewe unamwongezea maziwa. Umesahau au umekusudia?"

"Sema nimezeeka. Waambie nimechanganya."

"Mama."

"Funga mdomo, Saijin. Tangu utoto mdomo wako ni kama mlango wa choo cha stendi." Halafu akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mimi mtoto huyu simbebi. Nikimbeba atanifia."

Nikarudi kwenye maandazi yangu. Nilifunga mdomo, na wanaonijua wanajua ni mzigo gani ule.

Guoqin alikuja kwa basi la asubuhi, macho mekundu, tiketi ya Mama na ya mtoto mfukoni. Si mtu mbaya mdogo wangu. Amechoka tu, na mtu aliyechoka hupenda jambo liishe. Aliingia jikoni, akaona kimea mezani, akakitia mkononi, akakinusa. Mpishi huwezi kumdanganya.

"Hiki kibichi, Mama."

"Macho yangu," Mama alisema.

Hakugomba. Alishusha kikaango, akawasha moto, akakikaanga mwenyewe kwa ule mkono wake wa mgahawani, na harufu ya bisi ikajaa nyumba yote kwa mara ya kwanza. Akachemsha, akachuja, akaja na bakuli chumbani. Mama alikuwa amekaa pembeni, mtoto amelala mapajani mwake. Nami nilisimama mlangoni.

"Kunywa, mama Anqi," Guoqin alisema, kisha akashtuka. Jina lilikuwa limemtoka lenyewe.

Bizhu akalipokea bakuli kwa mikono miwili. Alikuwa amelifikisha mdomoni kilio kilipoanza.

Kilitoka jikoni, pale Guoqin alipokuwa amesimama sasa hivi. Akamtazama mtoto. Mtoto amefumba mdomo, anapumua taratibu. Akanitazama mimi.

"Dada, jirani ana mtoto?"

"Jirani ni mzee mseja. Alikuwa na paka, na paka amekufa."

Kilio kikapanda. Blauzi ya Bizhu ikaanza kuloa, mbele ya macho ya mumewe, upande mmoja. Bakuli likabaki hewani.

"Ni nani huyo?" Guoqin aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Mama ndiye aliyejibu. "Binti yako. Ana njaa."

Halafu akasema yote, akimtazama mjukuu aliyemshika, si sisi. "Hakufa kwa homa. Homa ilikuja mwisho. Alikuja nyumbani kwangu ananukia mama yake, na alijua mimi si yeye. Makopo nimeyapanga ukutani kama duka. Nilimpa kwa chupa, kwa kijiko, kwa kidole, akawa anageuza uso. Alikuwa anatafuta kifuani kwangu, anakwaruza nguo. Akalia mpaka sauti ikamkauka. Basi nikampa. Mimi, bibi kizee, nikampa titi. Alinyamaza. Alivuta, akavuta, hakukuwa na kitu humo, akaliachia akanitazama. Kisha akalirudia. Alikuwa anadhani ameniudhi. Amekufa nalo mdomoni."

Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona.

"Niliwaambia homa kwa sababu homa si ya mtu," Mama alisema. "Nimekuja na yeye. Hana meza, hana kibao, atakaa wapi? Amenifuata mimi, na mimi sina kitu."

Bizhu aliweka bakuli chini.

"Upande gani?" aliuliza.

"Nini, mwanangu?"

"Titi, Mama. Ulimpa la upande gani?"

Mama hakuelewa kwanza. Hakuwa amemsikia Bizhu akiongea nami habari za titi la mtu mwingine. Aliinua mkono wake mzee polepole, akakishika kifua chake. Upande wa kulia.

Bizhu akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa anachokijua. Akafungua vifungo. Akalitoa titi la kulia, akakunja mkono wake chini yake kama anayeshika kitu chenye uzito, akainamisha kichwa. Kilio kikashikwa na kwikwi. Kikawa kama cha mtoto anayelia huku ameshapata. Kisha kikanyamaza. Matone yaliyokuwa yakidondokea mapajani yalikoma, ingawa titi, tuliliona sote, lilikuwa bado linatoa.

Guoqin alichukua bakuli la kimea cha kukaanga, akaenda nalo jikoni. Nikasikia anamwaga kwenye sinki. Maji yalikaa yanatiririka muda mrefu kuliko bakuli moja linavyohitaji.

Mama alirudi Changle peke yake, na kiti pembeni yake kwenye ndege kikiwa kitupu. Makopo tulimpa akawagawie watu wa kijijini. Kiti cha Bizhu saluni alikikalia mwanamke mwingine, na mimi nikahama zamu ili mtoto apate mikono miwili mingine. Unga huoshwa, kumbe.

Siku aliyofika kijijini Mama alipiga simu. Bizhu alikuwa dirishani, kofia ya sufu ameshaivua, mtoto kushoto ananyonya. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjwa vilevile, na hakuna kitu juu yake. Nikaweka simu karibu na sikio lake. Sauti ya Mama ilisikika hata kwangu, na ilikuwa na hofu.

"Mwanangu, nimefika nimefungua vyumba vyote. Nimeita. Nimetafuta hata chini ya kitanda chake. Anqi hayupo huku. Sasa ataenda kwa nani?"

"Usitafute tena, Mama," Bizhu alisema kwa sauti ya chini, ili asimwamshe yeyote. "Yuko hapa. Ananyonya."