Obula Ni Nani?

Kwa Daktari Obura, mtu anayefunga kompyuta ghafla ana lake jambo. Na Valère, yule Mkongo aliyeshiriki naye ofisi, alikuwa ameifunga yake mara tatu wiki hiyo, kila Obura alipoingia.

Ijumaa kamati ingekaa kuamua kama Obura apewe uprofesa au astaafu hivyo hivyo. Umri haukumruhusu kungoja tena. Miaka thelathini ya aljebra dhahania, na mtandao unasema watafiti wenzake wamerejelea kazi zake mara kumi na moja tu. Kumi na moja, wacha wee! Hata mwanafunzi angeona haya.

Basi Jumanne, Valère alipotoka kwenda kula, Obura akaichungulia ile kompyuta. Ndiyo, alichungulia. Akakuta orodha ndefu: J. Obula, makala moja ya mwaka 2004, imerejelewa mara mia mbili na sita. Na kichwa cha makala kilikuwa chake yeye, neno kwa neno. Mwaka huo aliiandika kwa mkono, akampa katibu wa idara, Nabangala, aipige chapa iingie kwenye kitabu cha kongamano. Kitabu chenyewe hakuwahi kukiona, akadhani hakikutoka.

Damu ikamchemka. Kumbe kuna mtu alimwibia kazi, akabadilisha herufi moja, na Valère anamjua na kumficha. Kuuliza hakuuliza. Aulize nini, na macho yake yameshaona? Akaketi, akaiandikia kamati: "Naapa kwamba huyu Obula si mimi, simjui, wala hatuhusiani. Ni mwizi, asipewe heshima yoyote." Akatia sahihi, akaipeleka mwenyewe, akarudi kwake Bugolobi roho imetulia.

Alhamisi asubuhi akamwendea Nabangala na ukali wake wote. "Nani alichukua makala yangu?"

Mama wa watu akavua miwani. "Hakuna mtu alichukua, ssebo. Nilipiga chapa mimi, nikatuma mimi."

"Na huyu Obula?"

"Si jina yako? Kwa Luganda, r inafuata e na i peke yake. Ikifuata u, tunaandika l. Niliona umekosea, nikakutengenezea."

Valère, aliyekuwa mlangoni, akacheka kwa furaha. "Mwalimu, nilitaka nikushangaze. Nimeyakusanya marejeo yote mia mbili na sita. Jana nimewaandikia kamati kwamba Obula ni wewe."

"Jana," Obura akasema. Aibu ilimpanda hadi masikioni, maana mtu aliyemshuku wiki nzima ndiye aliyekuwa akimhangaikia.

Akaenda mbio kwa mwenyekiti wa kamati, Profesa Ayot. Barua zote mbili zilikuwa mezani pake. Profesa hakufoka, na afadhali angefoka.

"Daktari, mwenzako anasema Obula ni wewe. Wewe umeapa si wewe, tena kwa sahihi yako. Leo, kesho ni kikao, unakuja kuniambia ni wewe. Nimwamini Obura yupi?"

"Ni herufi tu, Profesa. Muulize Nabangala."

"Nabangala hakuapa. Wewe uliapa."

Akavuta faili la Obura, akatafuta mahali pa idadi ya marejeo, akaandika kumi na moja.