Karatasi ya Mlangoni Sozopol

Tsonka alitaka siku tatu tu za kupumzika. Kuna ubaya gani? Miaka thelathini amewashonea watu nguo mjini Ruse, mgongo umekwisha, sasa anataka akae Sozopol, mji wa pwani, kwenye mitaa ya zamani, ale visamaki vya kukaanga na asione uso wa mteja. Mumewe Gancho alikuwa naye mezani, kazi yake kupinga.

"Chumba cha nne hiki unakataa," Tsonka alimwambia. "Unataka ikulu?"

"Nataka choo cha ndani, bibie. Magoti haya hayapandi ngazi tena."

Asubuhi hiyo mwenye nyumba mwingine, mwanamke aitwaye Denka, alikuwa ametuma picha kwenye simu: kitanda, dirisha linalotazama bahari, mlango wa mbao. Choo kilikuwa ndani. Hata Gancho alikubali. Tsonka akaikuza picha ya mlango kwa vidole, maana alipenda mbao za kale, akaona karatasi yenye ukingo mweusi.

Tangazo la marehemu. Hilo halikumshtua, kwao mtu akifa tangazo lake hubandikwa mlangoni, na kila mwaka hubandikwa tena. Mng'ao wa jua kwenye picha ulikuwa umefuta sura na jina la kwanza. Jina la ukoo lilisomeka vizuri: Karadimov. Ukoo wake mwenyewe.

"Uwii! Gancho! Zhelko amekufa!"

Zhelko ni mdogo wake, baharia wa pwani hiyohiyo. Hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya baba yao, miaka kumi iliyopita, Zhelko alipofika kaburi limeshafukiwa, na Tsonka akamwambia mbele ya watu, "Toka! Baba hakuzaa mwana wa kiume." Baada ya hapo akakaa akingoja kuombwa radhi. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akimnunia maiti!

"Labda ni baba yenu," Gancho alisema.

"Baba hakukanyaga Sozopol maisha yake! Tangazo lake nalibandika mimi, langoni kwetu. Huko nani anamjua?"

Akapiga namba ya Denka, akaikosea mara mbili. Ikaitika sauti ya kiume.

"Mke wangu Denka yuko sokoni. Ni habari za chumba?"

"Hiyo karatasi mlangoni," Tsonka alisema. "Ni ya nani?"

"Ah, usiogope, mama, hakufia humu. Ni baba yangu, ametimiza miaka kumi tangu afe. Ikikukera nitaibandua."

Tsonka akaketi sakafuni, pu. Alijiziba mdomo kwa kiganja, machozi yakapita katikati ya vidole.

"Zhelko," akasema.

Ile sauti ikauliza taratibu: "Dada?"

"Nilidhani umekufa, mshenzi wewe! Nimekuona mlangoni umebandikwa!"

"Hukusoma chini? Pameandikwa watoto wake, Tsonka na Zhelko. Kila mwaka nakuandika, wewe kwanza."

"Kwa ruhusa ya nani?" alifoka huku analia, maana hasira ndiyo iliyokuwa karibu.

"Mtoto wa baba haombwi ruhusa, dada."

Tsonka akatazama nje dirishani. Langoni kulikuwa na karatasi aliyoibandika mwenyewe, ya mwezi uleule, na chini ya picha ya baba alikuwa ameandika jina moja tu la mtoto, lake. Mwaka wa kumi huu, jina moja tu. Akamwashiria Gancho atoke akaibandue, upesi.

"Yako iache," akamwambia Zhelko. "Iache hapohapo mpaka nifike."